Samoni wa Posa

Maneno yale Olaya aliyapata kwa mwanamke anayezungusha mikate kwa gari, na tangu siku hiyo yalimganda kama kupe.

"Watu wanasema Nel wako, yule wa Honorina, haoi mwanamke," mwanamke yule alimwambia, huku anatumbukiza mkate kwenye mfuko uliotundikwa getini. "Wanasema anaoa mto."

Aliyasema kwa kicheko chepesi, kama mtu anayetaja mvua. Olaya naye akacheka.

"Basi mto una bahati," alijibu. "Umepata bwana anayejua kukamua ng'ombe."

Gari likaondoka likipiga honi. Olaya akaingia ndani, akakata kipande cha mkate, akakitafuna, kikakataa kushuka. Mama yake, Enedina, alikuwa anamenya viazi karibu na jiko. Hakuinua uso.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Haya. Na mimi nimesikia hicho hicho ambacho wewe hujakisikia."

Olaya alichukua koti lake la mvua akateremka mtoni, kwenye kazi yake, mahali ambapo maneno ya watu hayakuwahi kumfikia mpaka mwaka ule.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwarudisha kwenye mto Naredo samoni, wale samaki wanaokulia baharini na kurudi kutaga mtoni walikozaliwa. Walikuwa wamekwisha kabisa. Makaa ya mawe yaliyooshwa kule juu yaliyatia maji weusi, na ukuta wa kinu cha zamani ukawazibia njia wale wachache waliobaki. Olaya na wenzake walibeba vifaranga vya samaki mgongoni, kwenye mifuko ya maji, wakapanda navyo korongoni wakaviachia. Ukuta ukabomolewa. Vifaranga vikaenda baharini. Kila asubuhi Olaya aliinua mtego wa kuhesabia, akampima aliyenaswa, akamwangalia kama amekatwa kile kipezi kidogo cha mgongoni ambacho ndicho alama ya waliolelewa na wao, kisha akamwachia aendelee na safari. Na kwa muda wote huo mto ulikuwa umefungwa. Hakuna ndoano iliyoruhusiwa majini mpaka Olaya, na hakuna mwingine, aiambie ofisi ya bonde kwamba sasa samaki wanatosha.

Unaona basi maneno yale yalikuwa na meno kiasi gani. Kwa sababu Nel alikuwa mtoto wa nyumba ya wavuvi. Zamani, samoni wa kwanza wa mwaka akivuliwa, kengele ya kanisa iligongwa bonde zima lisikie, na hakuna nyumba iliyogongewa kengele hiyo mara nyingi kama nyumba ya Ceferino, baba yake Nel. Fimbo zao za kuvulia zilikuwa bado zimening'inia ghalani, zimepakwa mafuta, zinangoja.

Lakini Olaya alimpenda. Alimpenda kwa jambo dogo ambalo ukimweleza mtu mwingine atakucheka. Kule kwao sidra, ile pombe ya matofaa, hunywewa kwa glasi moja inayozunguka. Anayemimina huinua chupa juu ya kichwa, glasi iko chini kiunoni. Unapewa funda, unakunywa mara moja, unabakiza tone, na tone hilo unalimwaga chini kuosha pale midomo yako ilipogusa, ndipo glasi inakwenda kwa mwenzako. Siku ya kwanza walipokaa meza moja, Olaya alipomaliza kunywa, Nel aliipokea glasi kabla hajaiosha. Akaigeuza polepole mpaka mahali palipogusa midomo ya Olaya pakawa mbele ya midomo yake. Akanywa pale pale, anamtazama machoni. Watu walipiga kelele mezani.

Tena kila alfajiri, Olaya akiwa kwenye mtego, Nel alipitisha ng'ombe wake ng'ambo, akasimama, akainua kofia. Olaya akainua mkono. Hivyo tu. Lakini siku ambayo ukungu ulificha ng'ambo, kazi haikwenda.

Vuli ile alikuja Mjane.

Walimwita hivyo kwa sababu katika majike yote alirudi yeye peke yake. Samoni jike, mkubwa, mwenye kovu kama mwezi mchanga shavuni, kipezi cha mgongoni kimekatwa. Alikuwa mmoja wa vifaranga vya kwanza kabisa, na sasa tumbo lake lilijaa mayai. Olaya alimtia kidude cha redio kooni, kikatulia tumboni mwake, ili wasikie anakokwenda. Mjane akapanda, akapita pale palipokuwa na ukuta, akafika korongoni ambako samoni hakuonekana tangu Enedina alipokuwa msichana. Madume wawili walikuwa nyuma yake. Akitaga huko juu, kazi itaendelea. Asipotaga, ofisi ilikwisha kusema: watu na vyombo vitahamishiwa bonde jingine, na Naredo utaachwa kama ulivyo.

Wenzake, hata msaidizi wake Maruxa, walijua kwa redio tu kwamba yuko korongoni. Lakini ule upenyo chini ya mwamba, ambapo ukilala kifudifudi unamwona pua kwa pua, aliujua Olaya peke yake. Jumamosi moja akampeleka Nel.

Walilala juu ya mwamba bega kwa bega, baridi ya jiwe ikiwapenya kifuani. Chini yao Mjane alikuwa anapepea taratibu.

"Ni mzuri," Nel alinong'ona. "Anafanana na wewe."

"Mimi nina pua ndefu hivyo?"

"Una ukaidi hivyo hivyo."

Olaya alicheka mpaka akaziba mdomo asimshtue samaki. Nel akambusu kwenye nywele. Na pale, Mungu amsamehe, Olaya alisema, "Hata Maruxa sijamleta hapa. Ni wewe tu."

"Mimi tu," Nel alirudia.

* * *

Jumapili ya juma lililofuata ilikuwa chakula cha posa, nyumbani kwa kina Nel. Asubuhi Olaya akiwa anavaa hereni, Maruxa alipiga simu.

"Dada, Mjane hasikiki tangu juzi. Nimezunguka korongo lote na antena. Kimya."

Olaya akataka kuvua gauni avae mabuti. Nel, aliyekuja kumchukua, akamshika mkono. "Leo ni siku yetu. Pengine amejificha nyuma ya jiwe. Samaki hakimbii."

Enedina alikuwa mlangoni. Yeye alialikwa pia, akakataa kata kata.

"Nikienda nitasema," alimwambia binti yake. "Nenda wewe. Ule kidogo."

Honorina, mama yake Nel, aliwapokea kwa aproni mpya na hereni za dhahabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili.

"Karibu, binti, karibu. Kumbe una gauni! Tulidhani ulizaliwa na mabuti."

"Ninayo mawili, mama. Hili na la kukuzikia," Olaya alimtania, na Honorina akacheka, ila macho hayakucheka.

Ceferino alikuwa mezani, karibu na jiko la kuotea moto, blanketi magotini. Vumbi la mgodini lilikuwa limemmaliza mapafu. Kila pumzi ilisikika kama mtu anayevuta gunia sakafuni. Olaya alimbusu kwenye paji.

Kwanza walikula maharagwe meupe na soseji ya damu. Kisha Honorina akaleta sinia la samaki aliyepikwa kwa sidra na matofaa, vipande vimezama kwenye mchuzi. Nyama yake ilikuwa nyeupe, imepauka, si ya waridi kama ya samoni.

"Trauti wa kufugwa," alisema. "Wa sokoni, utuwie radhi. Mtu wa samaki ukimpa samaki atakuonea kasoro."

"Sioni kasoro, mama. Nina njaa."

Honorina mwenyewe alijipakulia maharagwe tena. Ceferino alipewa kipande kidogo, akakitafuna amefumba macho. Nel alikuwa anachokoachokoa sahani yake na kumtazama Olaya anavyokula, macho yake mazito, na Olaya akadhani ni mapenzi. Alipomaliza, Nel kwa mkono wake mwenyewe akamwekea kipande cha pili.

"Kula, kipenzi."

Akala.

Hapo Ceferino akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa machozi.

"Wa vuli hana mafuta wala rangi," alisema kwa shida. "Hana ladha hata kidogo. Lakini ni wa kwetu."

"Baba anaweweseka," Honorina alidakia upesi. "Ni dawa hizi."

"Siweweseki. Wa kwetu namjua. Kengele tu ndiyo haijalia."

Kabla Olaya hajauliza, simu ikalia. Maruxa alikuwa anapiga kelele za furaha, mpaka mezani wote wakasikia.

"Dada! Yupo! Mjane yupo! Anasikika kwa nguvu! Ameshuka mpaka huko kwenu, karibu kabisa na nyumba ya kina Nel. Na anatembea, dada! Anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, kama mtu anayetafuta kitu. Nimeshafika darajani, nakuja na antena!"

Olaya aliweka simu mezani polepole. Nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, akamsikia nguruwe. Alikuwa nguruwe wa kuchinjwa juma lile lile, amenona, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi kwenye zizi lake.

"Nguruwe mmempa nini?" Olaya aliuliza.

"Nguruwe?" Honorina alisema. "Anakula yanayobaki. Wa kwenu anakula mezani?"

Olaya akainuka. Nel akainuka pia, lakini hakumzuia. Jikoni, chini ya sinki, palikuwa na beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Akafunua. Kichwa kilimtazama kwa jicho lililogeuka jeupe. Shavuni palikuwa na kovu, kama mwezi mchanga.

Alikigusa kwa kidole. Kidole kile kile kilichomshika Mjane siku ya mtego.

"Mayai?" Hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Mayai yake yako wapi?"

"Yametoka na matumbo yote," Honorina alijibu kutoka mlangoni. "Ndoo nzima. Sikujua kuna kidude humo, la sivyo ningekurudishia."

"Mama, nyamaza," Nel alisema.

"Ninyamaze kwa nini? Nyumba yangu hii."

Olaya akamgeukia Nel. "Uliingiza mkono chini ya mwamba."

Nel alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Baba anakufa, Olaya. Daktari amesema hafiki Krismasi. Alichoomba ni kimoja tu: aonje samoni wa Naredo. Nimkatalie?"

"Ungeniambia."

"Ungenikatalia."

"Ndiyo. Ningekukatalia, halafu ningekaa naye hapa kila jioni kumwambia amerudi. Amerudi, Nel! Ningemwonyesha picha. Angekufa anajua mto uko hai. Sasa umemlisha wa mwisho."

"Samaki mmoja," Honorina alisema. "Samaki mmoja unamlilia kama mtoto. Na kama ungekuwa na watoto usingeita samaki majina. Umefika umri, binti, ambao mtu hachagui. Nyumba hii imekufungulia mlango, na mwanangu angeweza kupata msichana wa miaka ishirini."

"Basi angempata. Ila yule wa miaka ishirini hana funguo za mto."

Honorina akajifuta mikono kwenye aproni.

"Umechelewa kujua," alisema.

Nel aliinamisha kichwa. Olaya alimngoja akane. Alimngoja kwa moyo wake wote, angekubali hata uongo mbaya, hata kigugumizi. Nel alisema, "Mwanzoni. Mwanzoni tu, Olaya. Halafu nikakupenda."

"Na Jumamosi juu ya mwamba ilikuwa mwanzoni, au ilikuwa halafu?"

Barabarani gari la Maruxa lilisikika linapanda.

"Sikiliza," Nel akamsogelea, sasa anaongea haraka. "Mwambie redio imeharibika. Mwambie kidude kilimtoka, kimeokotwa na nguruwe kando ya mto. Inatokea, si ulisema wengine wanakitapika? Nani atajua? Tunaoana, mwakani unaleta vifaranga vingine."

"Hakuna mwakani. Alikuwa yeye."

"Basi vyovyote. Lakini huwezi kusema. Umekula."

Olaya akavikumbuka vile vipande viwili. Mchuzi wa matofaa. Mkono wa Nel unaoweka cha pili.

"Mmenilisha makusudi," alisema. Akamtazama Honorina. "Ulinipikia makusudi nifunge mdomo."

"Mimi?" Honorina akacheka kwa pua. Akaingia mpaka kwenye jiko la kupikia, akainua kifuniko cha sufuria ya nyuma. Mvuke ukatoka. Humo mlikuwa na kuku mzima, amepikwa na karoti, hajaguswa. "Mimi nilikuchinjia kuku. Jogoo wangu mzuri. Nilisema samaki ni wa mzee peke yake, mgeni tumpe kuku. Muulize mchumba wako nani alisema ule na wewe."

Hakuna aliyemuuliza. Uso wa Nel ulikuwa umeshajibu.

"Nilitaka tuwe kitu kimoja," alisema taratibu. "Ukila nasi, inakuwa siri ya nyumba. Unakuwa wetu."

"Ninakuwa wenu," Olaya alirudia, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

Nel akachukua chupa na glasi. Sidra nyingi ikamwagika sakafuni, lakini funda moja likaingia. Akampa. "Kunywa. Utulie. Maruxa akifika nitaongea mimi."

Olaya akanywa. Msimlaumu; alikuwa bado anampenda, na mapenzi hayazimwi kama taa. Akabakiza tone bila kulimwaga, akamrudishia glasi na kusema, "Akifika nitamwambia kila kitu. Na mimi nitajitaja. Kunywa, Nel, kama siku ile, halafu tutoke wote wawili."

Nel aliitazama glasi. Alimtazama mama yake. Kisha akalimwaga lile tone chini, akaizungusha glasi ikaoshwa vizuri pale midomo ya Olaya ilipogusa, akamimina nyingine, akampa mama yake.

Kutoka mezani Ceferino aliuliza, "Kengele imelia?"

Olaya akatoka nje. Koti lake alilisahau kwenye msumari.

Maruxa alikuwa amesimama uani, antena mkononi, amechanganyikiwa. Alikuwa anaielekeza kwenye zizi, anaigeuza kwenye mto, anairudisha kwenye zizi. Mashine ilikuwa inalia tik, tik, tik.

"Dada, mashine hii imekuwaje? Mto uko kule, yeye anasikika hapa."

"Zima, Maruxa."

"Lakini anasikika..."

"Zima. Yuko ndani ya nguruwe." Olaya alivuta pumzi. "Na sehemu yake iko ndani yangu."

* * *

Alipofika nyumbani Enedina hakusema "nilikuambia". Alimwekea beseni, akamshika nywele kwa nyuma. Olaya alijaribu kutapika mpaka akatoka damu puani. Hakikutoka kitu.

Nel alitozwa faini, akauza ndama, yakaisha. Olaya aliondolewa kwenye kazi, kwa sababu aliyemwonyesha mwizi kabati naye ana lake la kujibu, na hakubisha. Madume wawili walizunguka korongoni majuma kadhaa, wakashuka. Ofisi ikapakia vyombo kwenye lori ikaenda bonde jingine. Ceferino alikufa soseji za nguruwe yule hazijakauka, na dukani watu waliacha kuongea Olaya alipoingia. Walisema alikuwa radhi mzee afe na hamu yake kwa ajili ya samaki. Mwanamke wa mikate aliendelea kutundika mkate getini, lakini hakushuka tena kupiga soga.

Koti lilirudishwa na Nel mwenyewe, limefuliwa, limekunjwa, mfukoni mna barua ya kuomba msamaha ambayo Enedina aliitia motoni kabla binti yake hajarudi. Pengine alikosea. Mama hufanya hivyo.

Na bado kila alfajiri Olaya huenda kusimama pale ulipokuwa mtego. Hana cha kuhesabu. Ng'ambo ng'ombe wanapita, na nyuma yao mtu anasimama na kuinua kofia.

Wewe binti unayesoma, na wewe mama mwenye binti, yaepukeni haya:

Kucheka maneno yanayokuuma. Uliza siku hiyo hiyo.

Kumwonyesha mchumba mahali ulipoficha kitu ambacho si chako peke yako.

Kula kwa wakwe chakula ambacho mpishi mwenyewe hakigusi.

Kipande cha pili, hata kama amekuwekea yeye.

Mwanamume anayemtazama mama yake kabla ya kukujibu.

Kudhani kwamba anayekupenda hawezi kukutumia. Anaweza yote mawili siku moja.

Kuacha koti kwao.

Kwenda mtoni saa anayopitisha ng'ombe.

Kuinua mkono.